Kuingia Chuo Kikuu ni Jambo Moja, Kutoka na Shahada ni Jambo Jingine

Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu yanapotangazwa, nyumba nyingi hujaa furaha. Majirani huja kutoa hongera, ami na shangazi hujichangisha nauli na ada, na mama huanza kuhesabu mashuka na sahani za mwanawe. Ni haki yao kufurahi. Lakini ndani ya furaha hiyo liko swali ambalo ni nadra kulisikia likiulizwa: kati ya vijana mia moja wanaoingia katika chuo hicho mwaka huu, ni wangapi watatoka na shahada mkononi?

Swali hili si la kuvunja watu moyo. Kijana anayeacha chuo katika mwaka wa pili au wa tatu hurudi nyumbani na mizigo mitatu kwa pamoja: miaka aliyoitumia bila ya kupata cheti, fedha za wazazi zilizokwisha au deni lililobaki, na fedheha mbele ya jamaa. Kwa wanaosoma kwa mkopo, jambo hili ni zito zaidi, kwani deni la bodi ya mikopo halifutiki kwa kuwa masomo yamekatizwa. Aghalabu sisi wazazi huwa tumekwisha kutoa hukumu kabla kijana hajateremsha sanduku lake: alikuwa mvivu, alifuata marafiki wabaya, akili yake haikutosha. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi si kweli, au ni kweli nusu tu.

Katika makala haya tumekusudia kueleza habari za chuo kikuu kimoja cha umma ambacho kilipoteza wanafunzi wake kwa miaka mingi, kisha kikakaa chini na kujiuliza ni kitu gani ndani ya chuo chenyewe kinachowatoa. Chuo hicho kiko mbali na pwani yetu, huko Marekani. Majibu kiliyoyapata, hata hivyo, yanaihusu kila familia iliyompeleka mtoto chuoni au inayotarajia kumpeleka.

Chuo cha katikati ya mji

Chuo Kikuu cha Georgia State kiko katikati ya mji wa Atlanta, katika jimbo la Georgia. Kilianza mwaka 1913 kama shule ya jioni ya masomo ya biashara, mahali pa watu waliofanya kazi mchana na kusoma usiku. Kama vyuo vingine vya umma vya kusini mwa Marekani katika zama za ubaguzi, kiliwafungia mlango watu weusi kwa muda mrefu, na mwanafunzi wa kwanza mweusi aliandikishwa mwaka 1962 tu. Kilipata hadhi na jina la chuo kikuu mwaka 1969. Baada ya kuunganishwa na Chuo cha Georgia Perimeter mwaka 2016, kimekuwa na wanafunzi zaidi ya 50,000, na hivyo kuwa miongoni mwa vyuo vikubwa vya umma nchini humo.

Wanafunzi wake wengi si watoto wa matajiri. Zaidi ya nusu ya wanaosoma shahada ya kwanza hupata ruzuku ya Pell, ambayo serikali kuu ya Marekani huwapa wanafunzi wa familia za kipato kidogo na ambayo hairudishwi. Wengi ni wa kwanza katika ukoo wao kukanyaga chuo kikuu. Wengi hufanya kazi madukani, mikahawani na maghalani huku wakisoma. Kwa ufupi, ni watoto wanaofanana sana na watoto wetu: wana bidii na wana matumaini, ila nyumbani hakuna mtu aliyewahi kuipita njia hiyo awaelekeze pa kupita na pa kujihadhari.

Mwaka 2003, kati ya kila wanafunzi 100 walioingia chuoni hapo kusoma shahada ya kwanza, ni 32 tu waliohitimu ndani ya miaka sita. Kwa wanafunzi weusi idadi ilikuwa 29, na kwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini ilikuwa 22. Kwa vijana wa kiume weusi ilikuwa 18. Yaani wavulana 100 weusi waliingia, na zaidi ya 80 kati yao hawakupata shahada ya chuo hicho hata baada ya miaka sita.

Hesabu hizi hupatikanaje

Kabla ya kuendelea, yafaa tueleze maana ya tarakimu hizi, kwani msomaji anaweza kukutana nazo katika vitabu vya matangazo ya vyuo na asijue zinasema nini.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kutangaza ni wangapi kati ya wanafunzi wao wanaomaliza. Huchukuliwa kundi la wanafunzi walioingia kwa mara ya kwanza wakati mmoja, wanaosoma muda wote, kisha kundi hilo hufuatiliwa. Kwa shahada ya miaka minne hupewa muda wa mara moja na nusu, yaani miaka sita. Anayemaliza ndani ya muda huo huhesabiwa, na asiyemaliza hahesabiwi. Aliyehamia chuo kingine na kuhitimu huko naye huonekana kama hakuhitimu pale alipoanzia, na hiyo ni kasoro moja ya hesabu hii.

Iko pia hesabu ya pili, ambayo hutazama mapema zaidi: kati ya walioanza mwaka wa kwanza, ni wangapi waliorudi kuanza mwaka wa pili? Hesabu hii ni muhimu kwa sababu wanafunzi wengi huanguka katika miezi kumi na miwili ya mwanzo. Chuo kinachosubiri mwaka wa sita ndipo kitazame nani amebaki, kimekwisha kuchelewa kwa miaka mitano.

Fedha ndogo zilizofunga milango mikubwa

Viongozi wa Georgia State walipoanza kuwachunguza wanafunzi walioondoka, mmoja baada ya mwingine, waligundua jambo ambalo halikutarajiwa. Kila muhula, wanafunzi zaidi ya 1,000 walikuwa wakifutwa katika orodha za madarasa kwa kuwa hawajakamilisha malipo. Wengi wao hawakuwa na matatizo ya masomo. Wengine walikuwa katika mwaka wa mwisho, wamebakiwa na masomo machache tu. Na deni lililowatoa mara nyingi halikuwa kubwa: dola mia tatu kwa huyu, dola mia nane kwa yule.

Tufikiri kidogo juu ya hesabu hiyo. Kijana amekwisha kusoma miaka mitatu na nusu. Familia imelipa maelfu, na serikali imelipa maelfu. Katika muhula wa mwisho ufadhili wake unafikia kikomo, au mzazi anapoteza kazi, na unabaki upungufu wa dola mia chache. Kompyuta ya chuo inamfuta. Akishaondoka, anaongeza saa za kazi ili alipe deni, na kadiri anavyoongeza saa za kazi ndivyo chuo kinavyozidi kuwa mbali naye.

Mwaka 2011 chuo kilianzisha ruzuku ndogo za kuwabakisha wanafunzi wa namna hiyo. Utaratibu wake ndio unaostahili kuangaliwa. Mwanafunzi haombi. Maofisa hupitia orodha ya wanaokaribia kufutwa, wakatafuta wale ambao masomo yao yanakwenda vizuri na ambao wamekwisha kujaribu njia nyingine za msaada, kisha huwalipia upungufu huo na kuwapa habari. Wastani wa ruzuku moja ni takriban dola 900. Mwanafunzi naye hutakiwa kukaa na mshauri wa fedha ili apange namna ya kufika mwisho bila ya kuanguka tena. Tangu hapo zimetolewa ruzuku zaidi ya 10,000, na zaidi ya nusu ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliozipata walihitimu ndani ya mihula miwili tu.

Tena chuo hakikupata hasara. Mwanafunzi anayebaki huendelea kulipa ada ya muhula huo na ya mihula inayofuata. Kwa hesabu za chuo chenyewe, kila ongezeko la mwanafunzi mmoja katika mia kwa wanaobaki huleta takriban dola milioni 3 za mapato. Huruma na hesabu nzuri za fedha zilikwenda njia moja.

Uko mfano wa pili wa fedha. Jimbo la Georgia lina ufadhili uitwao HOPE, ulioanza mwaka 1993, ambao humlipia ada mwanafunzi aliyefanya vizuri katika sekondari. Fedha zake hutoka katika bahati nasibu ya jimbo. Hukumu ya kamari katika dini yetu inajulikana, na hatuitaji hapa kwa kuisifu. Tunautaja ufadhili huu kwa ajili ya sharti lake: mwanafunzi hana budi kushikilia wastani wa daraja la B. Akiteleza, huupoteza, na wengi walioupoteza hawakuurudisha, kwani aliyekosa ufadhili hulazimika kufanya kazi zaidi, na anayefanya kazi zaidi husoma kidogo. Mwaka 2008 Georgia State ilianza kuwapa walioteleza dola 500 kwa muhula, kwa mihula miwili, kwa sharti la kuhudhuria mafunzo ya namna ya kusoma na kukutana na mshauri. Aliyeanguka akashikwa mkono kabla hajafika chini.

Alama iliyosema mapema

Fedha ni sehemu moja tu ya tatizo. Sehemu ya pili ni upotevu wa njia. Chuo kikubwa kina mamia ya masomo na kila fani ina masharti yake. Kijana aliyelelewa katika nyumba ya wasomi humpigia baba au dada yake simu na kuuliza achague lipi. Asiye na mtu wa kumuuliza huchagua kwa kubahatisha.

Zamani mshauri mmoja wa masomo chuoni hapo alikuwa na wanafunzi takriban 700. Hakuna mtu awezaye kuwajua watu 700, sembuse kuwashauri. Wanafunzi waliomfikia walikuwa ama wale hodari, ambao hawakuwa na shida, ama wale ambao hali yao ilikuwa imekwisha kuharibika.

Chuo kikachukua kumbukumbu zake za miaka kumi, alama zipatazo milioni 2.5 za wanafunzi wa nyuma, na kutafuta ni dalili gani zilitangulia kuanguka kwao. Majibu mengine yaliwashangaza hata walimu. Katika fani ya sayansi ya siasa, wanafunzi waliopata A katika somo la kwanza la fani walihitimu kwa wakati watatu katika kila wanne. Waliopata C katika somo hilo hilo walihitimu mmoja tu katika kila wanne. C ni alama ya kufaulu, na kwa miaka yote hiyo chuo kilimwambia aliyeipata aendelee na somo linalofuata. Hakuna aliyemwambia kwamba kufaulu huko kulikuwa na ufa ndani yake, na kwamba ufa huo ungetanuka katika masomo ya juu.

Mwaka 2012 utaratibu mpya ukaanza. Kila usiku kompyuta hupitia habari za wanafunzi wote na kutafuta mamia ya dalili za hatari: aliyejiandikisha somo lisilo la fani yake, aliyepata alama ndogo katika somo la msingi, aliyekosa kuchukua somo linalotakiwa kwa wakati wake. Dalili ikionekana, mshauri hupewa habari na humtafuta mwanafunzi ndani ya siku chache. Ili kazi hiyo iwezekane, chuo kiliajiri washauri wapya 42, na mzigo wa kila mshauri ukashuka kutoka wanafunzi 700 hadi takriban 300. Msomaji azingatie hapa: kompyuta haikumwokoa mtu yeyote. Ilipiga kengele tu. Waliookoa ni watu waliokaa na vijana ana kwa ana, makumi ya maelfu ya vikao kwa mwaka.

Sambamba na hayo, chuo kilibadili ufundishaji wenyewe. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliwekwa katika makundi madogo ya watu wapatao 25 wanaosoma masomo mamoja, ili mtu asipotee katika umati. Katika hesabu za mwanzo, ambapo zaidi ya wanafunzi 40 katika kila 100 walikuwa wakifeli au kujitoa, mihadhara ilipunguzwa na muda mwingi ukahamishiwa maabara ya kompyuta, ambako mwanafunzi hufanya mazoezi na mwalimu yuko karibu. Idadi ya walioanguka ikapungua kwa karibu nusu. Na wanafunzi waliokwisha kufaulu somo fulani walilipwa wakae madarasani na kuwasaidia wanaolisoma sasa.

Waliopotea kabla ya siku ya kwanza

Iko hasara nyingine ambayo wengi wetu hatuihesabu kabisa. Wapo vijana waliochaguliwa, wakakubali nafasi, wakasherehekewa, kisha siku ya kwanza ya masomo hawakuonekana. Wamarekani huliita jambo hili kuyeyuka kwa kiangazi, kwa kuwa hutokea katika miezi ya likizo baina ya sekondari na chuo. Mwaka 2015, takriban wanafunzi 19 kati ya kila 100 waliothibitisha kwamba watajiunga na Georgia State hawakufika.

Walipotafutwa, ilionekana kwamba wengi hawakubadili nia. Walikwama katika karatasi. Kuna fomu ya msaada wa fedha, cheti cha chanjo, nakala ya matokeo, malipo ya awali, mtihani wa kupimwa kiwango. Nyumba isiyo na msomi haijui kipi kitangulie. Simu za ofisi hazipokewi, kijana anaona haya kuuliza, na siku zinakwisha.

Katika kiangazi cha mwaka 2016 chuo kilianza kutumia programu ya kujibu maswali kwa ujumbe wa simu saa zote za mchana na usiku, iliyopewa jina la Pounce, jina la chui ambaye ni alama ya michezo ya chuo. Katika kiangazi kile cha kwanza ilijibu maswali zaidi ya 200,000, na yale iliyoshindwa ilimpelekea mtu. Watafiti waliligawa kundi la wanafunzi kwa kura, baadhi wakaipata huduma hiyo na wengine wakabaki na utaratibu wa kawaida, na kwa walioipata, idadi ya waliopotea ilipungua kwa zaidi ya moja ya tano. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba vijana wengi waliuliza saa za usiku wa manane, na waliiuliza mashine mambo ambayo wangeona aibu kumuuliza mtu.

Kwa wale walioonekana dhaifu zaidi kwa alama za sekondari, chuo kilianzisha masomo ya wiki saba kabla ya mwaka kuanza. Hawakupewa masomo ya marudio yasiyohesabiwa. Walianza masomo halisi ya shahada, huku wakipata walimu wa karibu, washauri na mafunzo ya matumizi ya fedha. Kundi hilo, ambalo kila mtu angedhani ndilo litakaloanguka kwanza, likawa linarudi mwaka wa pili kwa kiwango kilichowapita wenzao.

Matunda na mipaka yake

Kufikia mwaka 2014, kiwango cha kuhitimu cha Georgia State kilikuwa kimepanda kutoka 32 hadi 54 katika kila 100. Yafaa kukumbuka kwamba katika kipindi hicho hicho chuo kilipokea wanafunzi maskini wengi zaidi kuliko zamani, na baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008 serikali ya jimbo ilipunguza fedha zake. Kilicho kikubwa zaidi ni kwamba pengo lilizibika. Wanafunzi weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini na watoto wa familia za kipato kidogo walianza kuhitimu kwa kiwango sawa na wenzao au kuwazidi. Hakuna chuo kingine kisicho cha kibiashara nchini Marekani kinachotoa shahada za kwanza nyingi kwa Wamarekani weusi kuliko chuo hiki.

Haki inatutaka tuseme pia upande wa pili. Hata baada ya mafanikio hayo, karibu nusu ya wanaoingia hawamalizi hapo ndani ya miaka sita. Baadhi yao huhitimu vyuo vingine, lakini wengine hawahitimu kabisa. Wapo pia wanaoonya juu ya matumizi ya kumbukumbu za wanafunzi: kijana anayetoka familia maskini anaweza kuambiwa na mashine kwamba udaktari si wake, kwa kuwa waliomtangulia wa hali yake walishindwa, naye akaelekezwa fani nyepesi ambayo hakuitaka. Onyo hilo ni la haki. Dalili ya hatari inapaswa kuwa sababu ya kumsaidia kijana katika lile analolipenda kabla ya kumshauri aliache.

Tena tarakimu zinaweza kupambwa. Mwaka 2016, huko Maryland, mkuu wa chuo kimoja kidogo cha binafsi alijikuta katika lawama kubwa ilipofahamika kwamba alikusudia kuwatambua kwa hojaji wanafunzi wa mwaka wa kwanza walioelekea kushindwa, na kuwashawishi baadhi yao waondoke kabla ya tarehe ya kuhesabiwa, ili kiwango cha wanaobaki kionekane kizuri. Aliacha wadhifa wake mwaka huo huo. Vyuo vyote viwili vilitafuta dalili za mapema. Kimoja kilizitumia kumshika mkono kijana, na kwingine zilikusudiwa zitumike kumtoa. Chombo kilikuwa kile kile, na nia ndiyo iliyotofautiana.

Ndugu mzazi, tufanye nini?

Hatuwezi kuajiri washauri 42 wala kuandika programu za kompyuta. Hayo ni ya vyuo, na tuna haki ya kuviuliza. Mzazi anapompeleka mtoto, baada ya kuuliza ada ni kiasi gani na bweni liko wapi, na aulize pia: mwaka jana waliingia wangapi katika fani hii, na wangapi walirudi mwaka wa pili? Mshauri wa masomo wa mwanangu ni nani, na ana wanafunzi wangapi? Akikwama ada ya muhula wa mwisho, upo utaratibu gani? Chuo kinachoona uzito kujibu kimekwisha kujibu.

Lakini yako mambo yaliyo mikononi mwetu. La kwanza ni miezi ile ya kungoja. Mtoto akichaguliwa, tusidhani kazi imekwisha. Tukae naye, tuandike orodha ya kila karatasi inayotakiwa na tarehe yake, na kama sisi hatujui, tumtafute kijana wa jirani aliyetangulia chuoni akae naye jioni moja. Kijana huyo atakuwa amefanya kazi ya Pounce bila ya kompyuta.

La pili ni maneno tunayoyatumia katika simu. Wengi wetu tukiwapigia watoto huuliza, "Masomo yanaendaje?" nao hujibu, "Yanaendelea vizuri," na mazungumzo yakaishia hapo. Tuulize kwa ufafanuzi: somo lipi limekuwa gumu muhula huu? Umepata ngapi katika jaribio la kwanza? Umekwenda kumwona mwalimu? Na jibu likiwa baya, tusiwe wakali kiasi cha kumfundisha mtoto kutuficha. Binti anayejua kwamba akisema ukweli atarudishwa nyumbani na kuozwa hatasema. Kijana anayejua kwamba baba atamlinganisha na binamu yake hatasema. Na dalili iliyofichwa haitibiki.

La tatu ni fedha za mwisho wa safari. Tuna desturi nzuri ya kuchanga mtoto anapokwenda kuanza. Mwaka wa kwanza michango hutoka kwa wajomba, mashangazi na majirani, na mwaka wa tatu kila mtu amekwisha kusahau, ilhali ndipo fedha zinapopungua. Familia ikiweza, na itenge sehemu ya michango hiyo isiguswe hadi mwaka wa mwisho. Jumuiya zetu za misikiti nazo, ambazo tayari hukusanya sadaka na baadhi yake hutoa mikopo isiyo na riba, zinaweza kuweka fungu dogo kwa ajili ya mwanafunzi aliyebakiwa na muhula mmoja au miwili na kukwama kwa kiasi kidogo. Si lazima lipatikane fungu la kusomesha watu mia. Fungu la kuwamalizisha watu watano kwa mwaka linatosha kuanzia, mradi wasimamizi wake wawatafute wenye haja, wasisubiri kuombwa. Kijana mwenye heshima yake mara nyingi huacha chuo kimya kimya kuliko kusimama mbele ya watu akaomba.

La nne ni kwa yule aliyekwisha kurudi nyumbani. Katika mitaa yetu wapo vijana wengi waliokatiza masomo miaka miwili au mitano iliyopita, na hatuwaulizi tena, tukidhani tunawastahi. Tuwaulize. Huenda ilikuwa ni ada ya muhula mmoja, au somo moja alilofeli na akaona haya kulirudia, au ugonjwa wa mama uliomwita nyumbani. Twende naye ofisini chuoni, tuulize masharti ya kurejea na masomo aliyoyafaulu yanahesabika mpaka lini. Baadhi ya milango tunayodhani imefungwa imerudishwa tu, na mtu wa kuisukuma ni sisi.